Laptopu ya Linux Ikiganda, Ikilala Isiamke

Nilipanda basi Msamvu, Morogoro, kuelekea Dodoma, begi nimelipakata. Kifuniko cha laptopu nilikuwa nimekifunga kama siku zote, taa ndogo ya pembeni ikaanza kupepesa taratibu, nikajua imelala. Tulipokaribia Gairo nikahisi mapaja yanaungua. Nafungua begi: laptopu ni ya moto kama pasi, feni inavuma, kioo ni giza tupu, hakuna kitufe kinachojibu. Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazima. Kurasa sita nilizokuwa nimeandika tangu asubuhi bila kuzihifadhi zikaenda nayo.

Usiku ule nikafanya kosa ninaloliona kwa wengi wanaoniletea mashine zao: nilifuta kila kitu nikasakinisha mfumo upya. Bando likaisha, usiku ukaisha, na asubuhi laptopu ikalala palepale isiamke. Kumbe tatizo lilikuwa chaguo moja tu kwenye BIOS, na dalili zake mashine ilikuwa imeshaziandika kwenye daftari lake. Sikuwa nimelisoma.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetumia Ubuntu, Linux Mint, Debian, Fedora au ndugu zao kwenye laptopu ya kila siku, iwe mpya au ya mtumba iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya au Dubai. Si lazima uwe fundi. Unahitaji kujua kufungua terminali, uwe na daftari na kalamu, na ukubali sharti moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, ndipo uguse kingine. Amri nimeziandika kwa Ubuntu, Mint na Debian. Pale Fedora inapotofautiana nimesema.

## Kwa nini usikimbilie dawa

"Imeganda" ni kama kumwambia daktari "nina homa". Homa ni dalili, na dawa ya malaria haitibu taifodi.

Laptopu yako ina tabaka. Juu kuna madirisha na programu unazoziona. Chini yake kuna kerneli, kiini cha mfumo kinachogawa kazi, kumbukumbu na muda wa prosesa. Kerneli huzungumza na vifaa kupitia draiva, na chini kabisa kuna maunzi yenyewe: RAM, diski, kadi ya picha, betri. Kioo kikisimama, huenda kilichokufa ni tabaka la juu peke yake na mengine yote yanaendelea na kazi. Huenda pia kerneli yenyewe imesimama. Dakika za kwanza za mgando ndizo zinazokuonyesha ni lipi kati ya hayo, na ukizima kwa nguvu papo hapo unakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako.

## Imeganda sasa hivi: fanya haya kwa mpangilio

1. Ondoa mikono, subiri dakika mbili. Tazama taa ya diski kama ipo, sikiliza feni. Taa inayowaka bila kupumzika huku kipanya kikisogea kwa kusitasita ni dalili kuu ya RAM kujaa.

2. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kerneli iko hai na shida iko juu, kwenye picha au programu. Isipobadilika kabisa, tatizo limefika chini. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, kerneli imekutana na kosa lisilovumilika ikajisimamisha.

3. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukipata ukurasa mweusi unaokuuliza jina na neno la siri, umefaulu. Ingia, andika `top`, tazama programu iliyo juu kabisa. Bonyeza herufi k, andika namba yake ya kwanza mstarini, kisha Enter mara mbili. Rudi kwenye madirisha kwa Ctrl+Alt+F1 au F2 kwenye Ubuntu, F7 kwenye Mint.

4. Ikishindikana, zima kwa ustaarabu. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha SysRq (mara nyingi ndicho hichohicho cha Print Screen, na kwenye baadhi ya laptopu lazima Fn ihusike). Ukiwa umeshikilia, bonyeza S, subiri sekunde tatu, kisha U, subiri tena, kisha B. S huiambia kerneli iandike diskini kila kilichobaki njiani, U hufunga diski isiandikwe tena, B huwasha upya.

5. Kitufe cha kuwashia kiwe cha mwisho. Na kabla hujakibonyeza, andika saa kamili. Utaihitaji.

Hatua ya nne ina siri yake. Mifumo hairuhusu vitufe vyote vya SysRq. Ubuntu imewekewa thamani 176, ambayo huruhusu S, U na B tu. Fedora kwa kawaida ina 16, yaani S peke yake. Ule msururu mrefu wa REISUB ambao watu hufundishana hautafanya kazi wote kwenye mifumo hiyo, na mtu hudhani kerneli imekufa kumbe ni herufi zilizozuiwa. Angalia ya kwako:

    cat /proc/sys/kernel/sysrq

Ili Fedora nayo ikubali hizo tatu:

    echo 'kernel.sysrq=176' | sudo tee /etc/sysctl.d/90-sysrq.conf
    sudo sysctl --system

> ANGALIZO: BETRI. Kabla ya kuendelea, iweke laptopu juu ya meza tambarare. Ikiwa inayumba kama meza yenye mguu mfupi, au sehemu ya kipanya imeinuka, au kifuniko hakifungi vizuri, huenda betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi ikatolewe. Amri zote za mwongozo huu zinaweza kusubiri.

## Ikishawaka: soma ilichoandika

Kerneli na huduma za mfumo huandika matukio kwenye daftari moja. Kurasa za uwashaji uliopita unazipata hivi:

    journalctl -b -1 -e

Hiyo `-b -1` maana yake ni uwashaji mmoja nyuma, na `-e` inakupeleka mwisho wa daftari, kwenye dakika za kabla ya mgando. Ukitaka maneno ya kerneli peke yake, ongeza `-k`. Mfumo ukijibu kwamba hauna kumbukumbu za nyuma, daftari lako linafutwa kila unapozima. Lifanye lidumu:

    sudo mkdir -p /var/log/journal
    sudo systemctl restart systemd-journald

kisha ngoja mgando unaofuata.

Tafuta mistari ya karibu na ile saa uliyoiandika. Hii ndiyo maana yake:

- Out of memory: Killed process: RAM ilijaa, kerneli ikaua programu ili ipumue.
- I/O error, au mistari ya ata yenye failed command: diski, au kebo na tundu lake.
- temperature above threshold: joto.
- GPU HANG, NVRM: Xid, au amdgpu pamoja na timeout: kadi ya picha au draiva yake.
- mce: [Hardware Error]: prosesa imeripoti hitilafu ya maunzi.
- PM: suspend entry bila PM: suspend exit baada yake: ililala, haikuamka.

Na daftari likikatika ghafla katikati ya mambo ya kawaida, bila lalamiko lolote, fikiria umeme, RAM mbovu, au prosesa iliyosimama moja kwa moja.

Kosa la kawaida hapa ni kuona mistari myekundu na kushtuka. Laptopu nzima kabisa ina mistari myekundu kila siku. Malalamiko ya ACPI yanayotokea mara tu unapowasha, kwa mfano, hutokana na uandishi mbovu wa BIOS na mara nyingi hayana madhara. Mstari mwekundu una uzito pale tu saa yake inapolingana na saa ya mgando.

## Ilianza baada ya kusasisha?

Basi usitafute mbali. Ubuntu na wenzake huacha kerneli ya zamani kwenye diski. Washa upya ukishikilia Shift, au ukigonga Esc kwenye mashine zenye UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Chagua "Advanced options", kisha kerneli ya pili kutoka juu. Itumie siku mbili. Mgando ukitoweka, umeshajua mkosaji, na ripoti yako kwa wanaotunza mfumo itakuwa na thamani kubwa. Usihamie huko kwa kudumu, kwa sababu kerneli ya zamani haipati marekebisho ya usalama.

## Inaganda katikati ya kazi

RAM. Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, hasa kwenye mashine za GB 4. Mtu amefungua kivinjari chenye vichupo kumi na tano, WhatsApp ya kivinjari, na hati moja. Linux haikatai kumbukumbu mapema. Inakubali, inakubali, kisha inaanza kuhamisha vipande kati ya RAM na diski mpaka hakuna kazi nyingine inayofanyika. Kwa mtumiaji hiyo ni laptopu iliyoganda, ingawa ndani mashine inahangaika kuliko wakati wowote. Pima ukiwa kazini:

    free -h

Tazama safu ya "available", usihangaike na "free", maana Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili ya karibuni na huiachia ikihitajika. "Available" ikishuka chini ya mamia machache ya MB, uko ukingoni. Kisha andika `swapon --show`. Isipotoa chochote, huna swapu kabisa. Tengeneza:

1. `sudo fallocate -l 4G /swapfile2`
2. `sudo chmod 600 /swapfile2`
3. `sudo mkswap /swapfile2`
4. `sudo swapon /swapfile2`
5. Ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab ili idumu: `/swapfile2 none swap sw 0 0`

Hatua hizi ni za diski ya ext4. Fedora hutumia Btrfs kwenye laptopu nyingi, ambako faili la swapu huhitaji maandalizi tofauti. Tangu Fedora 33 ya mwaka 2020 inatumia zram, swapu inayobanwa ndani ya RAM yenyewe, kwa hiyo huko iache ilivyo.

Ongeza pia mlinzi:

    sudo apt install earlyoom

Huyu huua programu iliyomeza kumbukumbu kabla mashine haijakwama. Utapoteza kivinjari, lakini hati yako itabaki. Yote haya hata hivyo ni kuahirisha. Ikiwa laptopu yako ina tundu la RAM lililo wazi, kijiti cha pili kitakusaidia kuliko amri zote nilizoandika hapa.

Diski. Sakinisha smartmontools, kisha:

    sudo smartctl -a /dev/sda

Kwenye NVMe andika /dev/nvme0n1. Kwa diski za SATA tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Hiyo ya pili ikiwa juu ya sifuri, acha utafiti, nakili kazi zako leo hii kwenye diski nyingine. Niliwahi kumsihi mwalimu mmoja anunue diski kabla ya kufunga matokeo ya muhula. Alitaka kumaliza kwanza. Diski haikumsubiri, na alama za madarasa matatu zilibidi kukusanywa upya kutoka kwenye karatasi.

Joto. Sakinisha lm-sensors, andika `sensors`, mara moja ikiwa imetulia na mara moja ikiwa na kazi nzito. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Vumbi kwenye feni na krimu ya kupitishia joto iliyokauka ndivyo visababishi vya kawaida, na vyote viwili ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Kutumia laptopu juu ya godoro huziba matundu ya hewa. Usifanye.

Chaja. Jaribu siku moja bila chaja kwa muda ambao betri inaruhusu. Ikiwa inaganda au kipanya kinaruka wakati wa kuchaji tu, chaja ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa ikiwa si ya asili.

Prosesa za Bay Trail. Ukiwa na laptopu ndogo ya bei nafuu ya miaka ya 2014 hivi yenye Celeron N2840, Pentium N3540 au ndugu zao, na inaganda kabisa bila kuandika neno, jua familia hii ilisumbua watumiaji wa Linux kwa miaka. Prosesa ilikuwa ikikwama inapoingia kwenye mapumziko marefu. Anza na kerneli mpya. Ikikataa, ongeza `intel_idle.max_cstate=1` kwenye GRUB kwa njia nitakayoionyesha hapa chini. Betri itaisha mapema zaidi, na hilo huwezi kuliepuka.

RAM mbovu ipime kwa Memtest86+ kutoka kwenye fleshi, iachwe usiku kucha. Kosa moja jekundu linatosha kukihukumu kijiti.

## Usingizi: hapa ndipo penye mambo

Watu husema "imelala" kana kwamba usingizi ni mmoja. Ni aina tatu, na matatizo yake hayafanani.

Usingizi wa S3, ambao Linux huuita deep: kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM, inayobaki na umeme kidogo ili ikumbuke kazi yako. Umeandikwa kwenye kanuni za ACPI tangu 1996, na BIOS ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi.

Usingizi wa s2idle: hakuna kinachozimwa kabisa. Kila kifaa kinaombwa kitulie, na prosesa inasinzia. Laptopu nyingi mpya zimeundwa hivi kwa sababu Windows ilihamia kwenye mtindo wa kuamka haraka kama simu. Ubaya wake ni kwamba kifaa kimoja kikikataa kutulia, mashine nzima inakesha. Hiki ndicho kilichokuwa kinaunguza mapaja yangu njiani.

Hibaneti: kilichomo kwenye RAM kinaandikwa diskini na umeme unakatwa kabisa.

Angalia yako inatumia upi:

    cat /sys/power/mem_sleep

Kilicho ndani ya mabano ya mraba ndicho kinachotumika. Ukiona `[s2idle] deep`, mashine yako ina hiari. Hifadhi kazi zote, kisha jaribu kwa muda:

    echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep
    systemctl suspend

Iache dakika kumi, iguse kama imepoa, iamshe. Usifanye jaribio hili hati ikiwa wazi, maana zipo mashine zinazotaja deep lakini haziamki kutoka humo. Ikikataa, kuzima na kuwasha kunarudisha hali ya awali, hakuna kilichoharibika.

Ikifanikiwa, ifanye idumu:

1. Nakili faili kwanza: `sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani`
2. Lifungue: `sudo nano /etc/default/grub`
3. Kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za kunukuu, baada ya maneno yaliyopo, ongeza `mem_sleep_default=deep`
4. Hifadhi, kisha `sudo update-grub`
5. Washa upya, hakikisha kwa amri ya mwanzo.

Fedora: `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="mem_sleep_default=deep"`.

Ukiona `[s2idle]` peke yake, ingia BIOS utafute sehemu ya umeme. ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ni mfano unaojulikana: ilitoka bila S3, watumiaji wa Linux wakalalamika, Lenovo ikaongeza kwenye BIOS chaguo la "Sleep State" lenye "Windows 10" na "Linux". Kuchagua Linux kulirudisha S3. Mashine nyingine zina chaguo la namna hiyo kwa jina jingine, na nyingi hazina kabisa. Kabla ya kukata tamaa, sasisha BIOS. Wazalishaji kadhaa hutoa matoleo yao kupitia fwupd:

    fwupdmgr refresh
    fwupdmgr update

Fanya hivyo chaja ikiwa imechomekwa na betri ina chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati, betri ndiyo itakayokuokoa.

### Kukisaka kifaa kinachogoma

Kerneli ina jaribio zuri ambalo wengi hawalijui. Inajilaza hatua kwa hatua, inasubiri sekunde tano, inajirudisha yenyewe.

1. `echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test`
2. `echo mem | sudo tee /sys/power/state`
3. Ikirudi salama, rudia hatua ya 1 ukiweka `devices` badala ya freezer, kisha `platform`, kisha `processors`, kisha `core`.
4. Ukimaliza, rudisha: `echo none | sudo tee /sys/power/pm_test`

Usisahau hatua ya nne, la sivyo laptopu yako italala kwa sekunde tano tano na utaanza kutafuta tatizo jipya.

Ikikwama kwenye freezer, kuna programu inayokataa kusimamishwa, mara nyingi inayongoja diski ya mtandaoni iliyopotea. Ikikwama kwenye platform na kuendelea, elekeza macho kwenye BIOS. Lakini mara nyingi hukwama kwenye devices, na hapo mshukiwa ni draiva: Wi-Fi, bluetooth, kamera, kisoma kadi. Ondoa moja kabla ya kulaza. Kwa kamera:

    sudo modprobe -r uvcvideo

Laza. Ikiamka vizuri mara tano mfululizo, umempata. Andika skripti fupi kwenye /usr/lib/systemd/system-sleep/kamera:

    #!/bin/sh
    case "$1" in
      pre) modprobe -r uvcvideo ;;
      post) modprobe uvcvideo ;;
    esac

Ipe ruhusa kwa `sudo chmod +x` na jina la faili. Kuanzia hapo kamera inaondolewa kabla ya usingizi na kurudishwa baada yake.

### Inaamka, ila kioo ni cheusi

Kama Caps Lock inajibu, ni kadi ya picha. Wenye NVIDIA na draiva ya kampuni, hakikisheni huduma zake za usingizi zimewashwa:

    sudo systemctl enable nvidia-suspend nvidia-resume nvidia-hibernate

Picha ikirudi ikiwa imechanikachanika, weka mstari `options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1` kwenye faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d/, kisha `sudo update-initramfs -u`. Hiyo huifanya draiva ihifadhi kumbukumbu yote ya picha kabla ya kulala.

Na kama wakati wa kusakinisha uliweka `nomodeset` ili upate kioo, kisha ukaisahau humo, iondoe. Neno hilo huzuia draiva halisi ya picha kufanya kazi yake, na usingizi huharibika pamoja nayo.

### Inaamka yenyewe, au haitaki kulala

Orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha iko hapa:

    cat /proc/acpi/wakeup

XHC ni matundu ya USB. Kipanya kisichotumia waya kikitikisika mezani kinaweza kuiamsha. `echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup` hubadilisha ruhusa yake mpaka uwashe upya.

Isipotaka kulala, `systemd-inhibit --list` itakutajia programu inayozuia. Ukifunga kifuniko na hakuna kinachotokea, tazama HandleLidSwitch kwenye /etc/systemd/logind.conf.

Hibaneti inahitaji swapu inayoweza kubeba RAM yako, na kwenye mifumo mingi kerneli huizuia Secure Boot ikiwa imewashwa. Kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi na betri yako imechoka, inafaa jasho lake. Vinginevyo zima tu, diski za SSD huwaka haraka.

> MAKOSA YANAYOJIRUDIA
> - Kunakili maneno matano ya GRUB kwa mpigo. Tatizo likipona hutajua lipi lilitibu, likizidi hutajua lipi liliharibu.
> - Kuweka `acpi=off`. Huondoa usimamizi wa betri, na usingizi wenyewe.
> - Kusakinisha mfumo upya kabla ya kusoma daftari.
> - Kuitia laptopu kwenye begi mara tu baada ya kufunga kifuniko. Subiri nusu dakika, sikiliza feni, gusa chini.

## Unapoomba msaada

Kwa fundi au kwa watunza mfumo, nenda na haya yakiwa yameandikwa:

- [ ] Aina ya mashine: `sudo dmidecode -s system-product-name`
- [ ] Toleo la BIOS: `sudo dmidecode -s bios-version`
- [ ] Kerneli: `uname -r`
- [ ] Kadi ya picha na draiva yake: `lspci -k | grep -A 3 -i vga`
- [ ] Jibu la `cat /sys/power/mem_sleep`
- [ ] Saa ya mgando, na mistari ya daftari ya dakika mbili kabla yake
- [ ] Ilikuwa kwenye chaja au betri
- [ ] Kila ulichobadilisha, kwa mpangilio

## Kabla ya kusema imepona

Kulala na kuamka mara moja si ushahidi. Nilipobadilisha lile chaguo la BIOS, niliipa mashine usiku mmoja wa majaribio kwa rtcwake, inayoilaza na kuiamsha kwa saa ya ndani ya mashine. Hifadhi kazi, iweke juu ya meza chaja ikiwa imechomekwa, kisha andika `sudo -i` ili upate mamlaka ya msimamizi kwa muda wote wa jaribio, halafu:

    for i in 1 2 3 4 5 6 7 8 9 10; do rtcwake -m mem -s 30; sleep 20; done

Itachukua dakika tisa hivi. Ikimaliza, toka kwa `exit`, kisha hesabu (amri hii iendeshe pia kabla ya jaribio, ili ulinganishe):

    journalctl -b -k | grep -c "PM: suspend exit"

Namba ikiongezeka kwa kumi, iweke begini. Ikikwama raundi ya nne, izime kwa S, U, B, andika saa, na ufungue daftari la uwashaji uliopita.